Singa Zilizoondoka Katonga

Mtaalamu alifika asubuhi, saa ambayo wanawake wa mwaloni walikuwa ndiyo kwanza wanatandaza dagaa vichanjani. Alikuwa kijana mpole, amevaa gambuti, mkononi kabeba bahasha za kaki. Shangazi yangu alimshika ng'ombe wake, Sikitu, pembe. Kijana akaenda nyuma, akaviringisha fungu dogo la singa za mkia kwenye kidole cha shahada, akavuta mara moja. Sikitu alirusha teke hewani, kisha akarudia mabingobingo yake. Kijana akaziinua zile singa kwenye mwanga ili tuone. Mwishoni mwa kila moja palikuwa na kijidoa cheupe, kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Habari yote iko hapa," alisema. "Singa isiyo na mzizi haitufai."

Akazitia kwenye bahasha, akaandika nambari, akampa shangazi kipande cha karatasi chenye nambari hiyo hiyo. Shangazi alikipokea kwa mikono miwili.

"Na jibu litarudi lini, mwanangu?"

"Litarudi, mama. Maabara wakimaliza mtapigiwa simu."

Miaka minne imepita na simu hiyo haijapigwa.

Siandiki haya kumlaumu yule kijana. Alifanya kazi yake kwa heshima, na mradi uliomtuma ulikuwa na nia ninayoiunga mkono kwa moyo wote: kupima vinasaba vya ng'ombe ili ijulikane yupi amezaliwa na uwezo wa kustahimili maradhi, halafu huyo ndiye azalishwe. Ninalotaka kulieleza ni namna nia hiyo ilivyosafiri kutoka kwenye karatasi ya mpango hadi kwenye banda la shangazi yangu, na mahali ilipokatikia njiani.

Mtu akisikia Katonga hafikirii ng'ombe. Huku ni ziwani, mkoani Kigoma. Mitumbwi hutoka jioni na taa zake, hurudi alfajiri, na usiku wa mbalamwezi wavuvi hubaki nyumbani kushona nyavu. Lakini nyuma ya nyumba, ukipanda kidogo kuelekea mlimani, utakuta mabanda ya miti yenye ng'ombe mmoja au wawili wanaoletewa majani na kuongezewa mashudu ya mise. Wengi wa wafugaji hawa ni wanawake, na wengi wao wana hisa fulani katika uvuvi. Ng'ombe ni akiba yao ya siku ambazo ziwa halitoi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, nyumbani kwa shangazi sukari, sabuni na madaftari ya wajukuu vilitoka kwenye chuchu za Sikitu. Nilikuwepo, niliona. Asubuhi alikamua, akapima kwa kikombe kile kile, akaandika.

Kuandika ndiyo tabia yake. Ana daftari la mistari alilolianza enzi za marehemu mume wake, la hesabu za mtumbwi: mafuta, taa, mgao wa wavuvi. Kurasa za nyuma ni za ng'ombe. Sikitu alinunuliwa Kasulu akiwa ndama aliyeachishwa kunyonya. Ana damu ya Ankole, na pembe zake zinasema hivyo. Katika kurasa zile imeandikwa kwamba alipokuwa hajafikisha miaka miwili alipata ndigana kali: tezi za chini ya masikio zilivimba, akakaa siku tano bila kula, dawa haikupatikana, siku ya sita akasimama na kunywa maji. Chini ya habari hiyo shangazi aliandika neno moja, "Alhamdulillahi," na tarehe.

Ndigana kali ndiyo ambayo vitabu vya Wazungu huiita homa ya Pwani ya Mashariki, na pwani hiyo ni yetu. Robert Koch aliviona vijidudu vyake katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19 bila kutambua kwamba ni ugonjwa wa peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, ng'ombe waliopakiwa melini kutoka pwani hii na kushushwa Beira waliupeleka kusini mwa Afrika, ambako uliua maelfu kwa maelfu. Ndipo ukabandikwa jina la mahali ulikotoka. Kijidudu chenyewe, Theileria parva, huenezwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa sikioni. Kikishaingia mwilini hujipenyeza ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zinazopaswa kuulinda mwili, na kuzifanya zigawanyike bila kukoma. Ndiyo maana tezi huvimba, na ndiyo maana mwishowe mapafu hujaa maji. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, hukadiria kuwa zaidi ya ng'ombe milioni 1 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu katika Afrika ya Mashariki na Kusini.

Takwimu hiyo niliielewa kwa ndama mmoja. Sikitu alizaa jike, baba yake dume la damu ya kisasa, na shangazi alifurahi kwa kuwa chotara hutoa maziwa mengi. Ndama hakutoka bandani hata siku moja. Kupe walimfuata humo humo, ndani ya majani yaliyokatwa kando ya barabara wanakopita ng'ombe wa watu. Siku ya kwanza alisusa kunyonya. Siku ya pili shangazi alimpapasa chini ya sikio, akakuta tezi imejaa kama ndimu. Dawa ya ndigana ipo, inaitwa bupavakwoni, na ikichomwa mapema huokoa ng'ombe wengi. Duka la kwanza nililokwenda halikuwa nayo. Nilipoipata kwingine, na kwa bei iliyomfanya shangazi auze taa moja ya mtumbwi, ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni. Usiku wa saba ndama alikuwa anahema kwa mdomo wazi, povu linamtoka puani, na Sikitu ng'ambo ya ukuta wa miti analia. Kabla ya adhana ya alfajiri kukawa kimya.

Mama alipona bila dawa, binti akafa na dawa yake. Mfugaji yeyote akiliona jambo hili mara mbili tatu hujiuliza: huyu ana nini ambacho yule hana?

Swali hilo lina jibu la kisayansi, angalau sehemu yake. Mwezi Aprili 2022 watafiti wa ILRI, wa Taasisi ya Roslin ya Uskoti na wenzao walichapisha katika jarida la PLOS Genetics matokeo ya uchunguzi wa ng'ombe aina ya Boran. Walianzia kwa ukoo mmoja ambao watoto na wajukuu wake walikuwa wakiambukizwa ndigana na kupona kwa kiwango kisicho cha kawaida. Wakafuatilia urithi wao hadi eneo moja la kromosomu ya 15, na ndani yake wakakuta badiliko dogo katika kinasaba kilicho jamaa ya kile kiitwacho FAF1. Kisha wakaangalia ng'ombe wengine, wa ukoo huo na wasiohusiana nao. Kati ya ng'ombe 20 waliorithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, aliyekufa ni 1 tu. Kati ya 97 wasiokuwa nalo kabisa, walikufa 44.

Niliposoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilinyamaza muda mrefu, nikiufikiria usiku ule wa saba.

Ng'ombe wenye badiliko hilo hawajakingwa na kupe, wala na kijidudu. Wanaugua, ila mwili unahimili na kupona. Tena ng'ombe aliyepona hubaki na vijidudu kidogo damuni, na kupe akimnyonya anaweza kuvihamishia kwa jirani. Kwa hiyo Sikitu mzima wa afya anaweza kuwa chanzo cha ugonjwa kwa chotara wa nyumba ya pili, na mtu anayezalisha ng'ombe wastahimilivu bado anahitaji josho au bomba la dawa. Na ugunduzi ule ni wa Boran. Kwa Ankole na machotara wa Kigoma, kazi ya kupima ndiyo hasa yule kijana aliyoijia.

Alichokuja nacho ni bahasha na fomu. Fomu nilimjazia mimi, shangazi akijibu. Rangi ya ng'ombe. Umri. Mzingo wa kifua, ambao hupimwa kwa utepe ili kukadiria uzito. Urefu begani. Lita kwa siku. Idadi ya watoto. Jina la kata na jina la mtaa. Tulipofika mwisho shangazi aliuliza, "Hujaniuliza kama aliwahi kuumwa." Kijana akaitazama fomu juu hadi chini, akasema kwa adabu kwamba hakuna mahali pa kuandika hilo.

Nimelirudia jibu hili kichwani mara nyingi. Watafiti wale wa Boran waligundua walichogundua kwa sababu walijua ni nani aliugua, nani alipona, nani alikufa, na nani ni mtoto wa nani. Vinasaba vilikuja baadaye kueleza jambo ambalo macho yalikuwa yameshaliona. Maabara inaweza kusoma maelfu ya alama kwenye mzizi wa singa moja, lakini alama hizo hazisemi neno mpaka ziwekwe kando ya maisha ya ng'ombe mwenyewe. Mradi ulikuja hadi mlangoni mwa mwanamke aliyekuwa na maisha hayo yote kwenye daftari, kwa tarehe, ukachukua singa na kuliacha daftari.

Wala kumbukumbu za namna hii si kitu kigeni katika mkoa wetu. Zamani huko Buha mtu aliyempa mwenzake ng'ombe kwa mkataba wa ubugabire alijua uzao wa ng'ombe huyo kizazi kwa kizazi, kwa sababu haki ya kudai ilitegemea kujua nani kamzaa nani. Hawakuandika popote, lakini hawakupoteza.

Nilipouliza baadaye kwa nini fomu ilikuwa vile, niliambiwa ilitungwa kwa ajili ya mashamba yenye rekodi za matibabu, ambako habari za maradhi zingechukuliwa kwenye vitabu vya shamba. Nadhani ni kweli. Mipango mingi ya mifugo katika nchi hizi huandikwa na mtu ambaye akilini anaona shamba kubwa au zizi la Mmasai, halafu inateremshwa kwa mwenye ng'ombe wawili.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni chanjo ya ndigana yenyewe. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970: ng'ombe huambukizwa kwa makusudi vijidudu hai vya aina tatu, na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu ili ugonjwa usimzidi. Akichanjwa mara moja, hukingwa kwa miaka mingi. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania waliipokea kwa mikono miwili, wakachanja ndama kwa makundi, na ndama mwenye hereni ya chanjo akawa na bei nzuri mnadani. Ni kazi ya kujivunia. Lakini chanjo hiyo huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwa miaka mingi mrija mmoja ulifungwa dozi 40. Ukishayeyushwa lazima utumike kwa saa chache. Zizi la Kimasai huko Simanjiro lina ndama 40. Katonga ningezunguka mtaa hadi mtaa na nisiwapate 40 wa umri unaofaa kwa siku moja. Kwa hiyo chanjo ipo nchini, inafanya kazi, na ndama wa Sikitu hakuipata kwa sababu ya ukubwa wa mrija.

Upande wa dume ni hivyo hivyo, na hapa ndipo kipimo cha vinasaba kinapobanwa zaidi. Tuseme jibu lingerudi, likasema Sikitu ana badiliko lile kwa pande zote mbili. Kila mtoto wake angechukua nakala moja kwake. Ya pili lazima itoke kwa baba, na baba anachaguliwaje huku? Mbegu zilizopimwa ziko Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, mkoani Arusha, upande wa pili wa nchi. Zikija, zinahitaji mtungi wa naitrojeni usiokauka. Ng'ombe akiingia joto ana saa 12 hadi 18 za kukubali, mara nyingi dalili zinaanza usiku, na mtaalamu wa uhimilishaji anahudumia kata kadhaa kwa pikipiki moja. Shangazi ameshapiga simu saa kumi na moja alfajiri, mtaalamu akafika jioni, mtungi ukawa tupu. Basi humpeleka Sikitu kwa dume lililo karibu, ambalo ni moja, na ambalo tayari ni baba wa mitamba kadhaa ya mtaani. Kumwambia mtu mwenye dume moja kwamba sasa sayansi inamwezesha kuchagua ni kumpa ufunguo wa nyumba iliyo mbali.

Wapo waliofanya vizuri, na ninataka kuwataja kwa sababu wanathibitisha kwamba inawezekana. Magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda, mradi ulioitwa IDEAL uliandikisha ndama 548 wa wafugaji wadogo kuanzia mwaka 2007, ukawarudia kila baada ya wiki tano hadi walipofikisha mwaka mmoja. Kila ndama, bandani kwake, kwa mfugaji mwenyewe. Walipima damu, walipima uzito, na ndama akifa walifika kuchunguza amekufa na nini. Ndigana ndiyo iliyoongoza kwa kuua, na ndama wenye damu ya kizungu waliugua zaidi. Mambo ambayo shangazi alijifunza kwa ndama mmoja, wao waliyathibitisha kwa mamia, kwa sababu walirudi.

Hapa nchini kwetu, mwaka 2016 mradi wa ADGG ulioongozwa na ILRI pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, ulianza kukusanya habari za ng'ombe wa maziwa katika mikoa sita: Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Iringa, Njombe na Mbeya. Maziwa hupimwa, singa hung'olewa, takwimu huingizwa kwenye kishikwambi, na mfugaji hupokea ujumbe wa simu wenye ushauri kuhusu ng'ombe wake. Ujumbe mfupi tu, lakini kwa mfugaji ni ushahidi kwamba alichotoa kimefika mahali. Kigoma haikuwa kwenye orodha hiyo ya kwanza, na naelewa sababu: ng'ombe wa maziwa wengi wako kule. Lakini kupe ni wale wale, na ng'ombe kama Sikitu, waliopita kwenye ugonjwa bila dawa vizazi kwa vizazi, wako huku zaidi. Kama kinga ya asili ndiyo inayotafutwa, basi itafutwe mahali ambapo dawa haikufika.

Wenye miradi hunieleza kwamba kurudisha jibu ni gharama. Sikubali kwamba ni gharama kubwa. Barua ya mistari minne, au simu ya dakika mbili: "Mama, ng'ombe wako tumempima, ana hiki, hana kile, bado hatujui hili." Hata "bado hatujui" ni jibu. Shangazi angeliandika. Kisichovumilika ni kimya, maana kimya humfundisha mtu kwamba singa zake zilikuwa za wengine, na mradi ujao ukija, wenye bahasha mpya, hodi yao itaitikiwa na mtoto aliyeambiwa aseme bibi hayupo. Hili limeshaanza kutokea mtaani kwetu. Nyumba mbili za jirani, zilizong'olewa singa siku ile ile, hazitaki tena kusikia neno sampuli.

Shangazi hakufikia huko. Kipande chake cha karatasi alikibandika kwa gundi kwenye ukurasa wa Sikitu, chini ya ile Alhamdulillahi, na ubavuni akaacha mistari mitatu mitupu.

Mwezi Juni 2025 Rais Samia alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, safari hii hereni zikitolewa bure, baada ya zile za awali kusimamishwa wafugaji walipolalamikia bei. Hereni zilipofika kwetu alikuja bwana mifugo wa makamo, mtu wa huku huku, na koleo la kutobolea. Sikitu alitobolewa sikio la kushoto. Alikuwa na mtamba wake mwingine pembeni, wa damu ya dume la jirani, ambaye mwaka uliotangulia naye alivimba tezi na kupona kwa sindano moja. Bwana mifugo akaanza kusoma nambari kwa sauti ili msaidizi wake aandike.

"Ngoja kwanza, mdogo wangu," shangazi akamwambia. Akaingia ndani, akatoka na daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wake. "Andika na hili."

Bwana mifugo alisoma akiwa amesimama, koleo likining'inia mkononi. Alisoma ukurasa wa Sikitu, akafunua wa ndama aliyekufa, akafunua wa mtamba. Akauliza tarehe moja ambayo wino ulikuwa umefifia, shangazi akamtajia. Kisha akaichukua fomu kwa msaidizi wake, akaigeuza upande usio na chapa, akaiweka juu ya ubao wa mlango wa banda, na kuanza kuandika kwa mkono wake: nambari ya hereni, halafu aliugua lini, alipona vipi, mama yake nani.